Toba Huanza Nyumbani mwa Mungu

Katika Danieli sura ya 5 twasoma habari za mfalme Belshaza, aliyeagiza vyombo vya Hekalu la Yerusalemu viletwe apate kuvinywea divai pamoja na wageni wake. Usiku uo huo aliuawa.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Februari 2023, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, mtu mmoja aliingia katika Kanisa Kuu la Katoliki la Geita, Tanzania, akavunjavunja vitu vya ibada. Kati ya vilivyoharibiwa ni tabenakulo, yaani kisanduku kitakatifu ambamo Wakatoliki huitunza Ekaristi.

Wako Waprotestanti wasemao, “Hivyo ni vitu tu, vitanunuliwa vingine.” Ndugu zangu, sisi wa Kipevu twaishi mlango kwa mlango na Wakatoliki. Twaingia zamu pamoja bandarini, na matanga yao ni matanga yetu. Jirani anapomlilia maiti wake, je, utamwambia jeneza ni mbao tu?

Tena na tuikumbuke historia yetu wenyewe. Mwaka 1547, Mfalme Edward wa Sita alipoanza kutawala Uingereza, sanamu ziliamriwa kuondolewa makanisani. Mwaka 1550 Askofu Ridley wa London aliagiza madhabahu ziondolewe, na mahali pake ziwekwe meza. Baba zetu hao waliona kwamba wanalisafisha Kanisa, na mafundisho yao twayashika hata leo. Lakini wako waliolia. Mwaka 1549 watu wa Devon na Cornwall waliinuka, na mojawapo ya madai yao lilikuwa kwamba Sakramenti itundikwe tena juu ya madhabahu kama zamani. Walijibiwa kwa jeshi, wakauawa kwa maelfu. Basi tusiseme upesi kwamba mikono yetu ni safi. Yule aliyekosa adabu Geita alivunja kitu kile kile ambacho wakulima wale walikifia.

Sasa tazameni walivyofanya wenye msiba. Askofu Flavian Kassala wa Geita alilifunga Kanisa Kuu. Hakuwaita watu wake kulipiza kisasi, bali aliwaita wapige magoti, wafanye toba na sala za malipizi. Mambo ya mkosaji yalibaki mikononi mwa serikali. Tarehe 18 Machi kanisa likafunguliwa tena kwa ibada.

Hebu tulifikiri jambo hilo. Aliyetendewa ubaya ndiye aliyetubu! Kwa desturi ya dunia, mtu akitukanwa hutafuta wa kumpiga. Lakini Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, atufundisha kwamba hukumu huanza katika nyumba ya Mungu mwenyewe.

Hatukubaliani na Wakatoliki katika mafundisho yote juu ya Ekaristi, wala hatufichi. Lakini katika kupiga magoti, hapo wametutangulia. Juma hili, ukimpita jirani yako Mkatoliki akienda Misa, msalimu kwa heshima. Nawe ukifika kanisani kwako, kabla ya kumhesabia mwingine makosa, uanze na yako.

Bwana atupe moyo wa toba. Amina.