Mti, Ngazi na Miwa ya Matungu

Mwaka 1859 vilichapishwa London vitabu viwili ambavyo hadi leo havijamaliza ugomvi wao. Mwezi wa pili John Stuart Mill alitoa On Liberty, akidai kwamba mtu mzima aachwe aishi anavyotaka maadamu hamdhuru mwenzake, na kwamba ile hofu ya "watu watasema nini" inaweza kuwa dikteta mbaya kuliko serikali yenyewe. Mwezi wa kumi na moja Charles Darwin akatoa On the Origin of Species, akasema viumbe hubadilika kizazi baada ya kizazi, na hakuna aliyeumbiwa mahali pamoja milele. Nataka kuvifuata vitabu hivi hadi Matungu, kaunti ya Kakamega, kwenye mashamba ya miwa. Safari ni ndefu lakini njia ipo, na sehemu yake kubwa inapita kwenye riwaya.

Waandishi wa riwaya ndio waliovikalisha vitabu hivyo meza moja. Mwaka 1860 George Eliot alimwandika Maggie Tulliver, binti wa mwenye kinu cha kusaga nafaka, msichana anayempita kaka yake kwa akili ilhali kaka ndiye anayelipiwa masomo. H. G. Wells, aliyefundishwa biolojia na T. H. Huxley, mtetezi mkubwa wa Darwin, alitoa The Time Machine mwaka 1895. Humo binadamu wamegawanyika wakawa viumbe wa aina mbili: wenye raha wanaoishi juu ya ardhi, na vizazi vya wafanyakazi wanaoishi chini pamoja na mashine zao, ambao usiku hupanda juu kuwala wale wengine. Wells alitazama tu viwanda vya siku zake, akaongeza miaka laki nane. Stori inatisha, na unaimaliza kwa usiku mmoja.

Lakini aliyeumia zaidi na swali hili ni Thomas Hardy. Mwana wa fundi mwashi, alimsoma Darwin akiwa kijana, na mwaka 1882 alihudhuria mazishi yake pale Westminster Abbey. Riwaya yake The Mayor of Casterbridge inaanza na mwanamume mlevi anayemuuza mke wake kwa baharia kwenye maonyesho ya kijijini. Bei ni gini tano. Wasomaji wengi leo hudhani Hardy alitia chumvi, kumbe visa vya wake kuuzwa mnadani vilitokea kweli Uingereza, hata katika karne ya 19. Kisha mwaka 1895, mwaka ule ule wa Wells, ikatoka Jude the Obscure. Jude ni mwashi anayejifunza Kilatini peke yake akiota chuo kikuu, na chuo hakimtaki. Anampenda binamu yake Sue, mwanamke anayesoma Mill na kutaka kuishi bila kufungwa na ndoa. Jamii inawakataa mmoja baada ya mwingine: mwenye nyumba, mwajiri, kanisa. Watoto wao wanakufa kwa namna ambayo sitaisimulia hapa. Askofu mmoja alitangaza kwamba amekitupa kitabu hicho motoni, na Hardy, aliyeishi hadi 1928, hakuandika tena riwaya mpya. Alirudi kwenye mashairi.

Sisi wa Kiswahili tuna ndugu ya Jude. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, kuhusu binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo, kisha akatupwa kwenye uhuru ambao hakuna aliyemfundisha kuutumia. Ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania. Baadaye ikawa kitabu cha kiada. Ndivyo jamii inavyofanya na riwaya za aina hii: kwanza moto, halafu mtihani.

Sasa turudi kwa Mill, maana kwenye kurasa zake za mwanzo kuna kipengele ambacho mashabiki wake hukiruka. Anasema kanuni ya uhuru inawahusu watu wazima walioendelea. Watoto hawamo, na hawamo pia watu wa jamii anazoziona kuwa bado ziko nyuma. Kwa hao, anasema, utawala wa kimabavu ni halali ikiwa lengo ni kuwainua. Huyu ni mtu aliyefanya kazi ya ofisini katika Kampuni ya East India kwa miaka 35, akiandika nyaraka za kuitawala India bila kuwahi kuiona. Kwa hiyo nyumba ya uhuru ilijengwa na mlango, na mlango ukawekewa bawabu.

Bawabu alipewa mavazi ya sayansi. Darwin mwenyewe alichora mti: mchoro pekee katika kitabu chake ni wa matawi yanayotawanyika. Wanazuoni wa jamii, Herbert Spencer na Mmarekani Lewis Henry Morgan wakiwa mbele, waliugeuza mti ukawa ngazi. Chini wakawekwa wawindaji, juu yao wafugaji na wakulima, kisha wafalme, na kileleni kabisa, kwa bahati nzuri, wakawa wao wenyewe.

Mwaka huo huo wa 1895, mwaka Jude alipotoka Uingereza, C. W. Hobley alikuwa Mumias akisimamia utawala wa Waingereza katika eneo hilo, lililokuwa bado sehemu ya Uganda. Alikuwa mtaalamu wa miamba kwa mafunzo, na baadaye mwandishi wa tafiti kuhusu makabila. Mwaka huo aliongoza vita dhidi ya Wabukusu, vilivyoishia kwenye boma la Chetambe, akisaidiwa na wapiganaji wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga tangu 1882. Matungu iko ndani ya nchi hiyo ya Wawanga, na Kituo cha Utamaduni cha Nabongo kiko huko hadi leo.

Mwingereza aliyefika Mumias alikuta mfalme, baraza, heshima za kifalme. Kwenye ngazi yake, hiyo ilikuwa hatua ya juu kuliko majirani ambao kila ukoo ulijiongoza. Mwaka 1909 Mumia akafanywa chifu mkuu, na ndugu zake wakatumwa kutawala watu ambao hawakuwahi kuwa chini ya Wawanga, wakiwemo Wabukusu. Kusema kweli sidhani maofisa walihitaji nadharia yoyote ili kumpenda Mumia. Alikuwa amewakaribisha, na alikuwa na askari. Lakini nadharia ilifanya urahisi wao uonekane kama sheria ya maumbile, na machungu ya machifu wa kupachikwa yalidumu kwa miongo kadhaa.

Kuna jambo moja ambalo hunisumbua zaidi katika historia hii. Kwenye ngazi ile kabila lilikuwa na daraja, lakini mtu mmoja hakuwa na chochote. Sue wa Hardy alionewa, ila alionewa akiwa mtu mwenye jina, na wasomaji waligombana juu ya haki yake. Msichana wa Koyonzo wa miaka ya 1920, mwenye ubishi ule ule kuhusu ndoa, alipelekwa kwenye baraza la wazee, na yale waliyosema wazee siku hiyo yakahesabiwa kuwa "mila," kana kwamba mila haikuwahi kubadilika. Ajabu ni kwamba sayansi iliyosema kila kitu hubadilika ndiyo iliyotumiwa kuzigandisha desturi za watu wengine.

Viwanda vyenyewe vilifika baadaye. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa 1971, na kiwanda kikaanza kusaga 1973. Usimamizi walipewa Booker McConnell wa London, kampuni iliyotajirika kwa sukari ya Guyana. Jina hilo unalijua kwa sababu nyingine: ndio walioanzisha tuzo ya riwaya ya Booker mwaka 1969. John Berger alipoishinda mwaka 1972, aliwakumbusha jukwaani kuhusu utajiri wao wa Karibiani, akatangaza kwamba nusu ya pesa zitaenda kwa Black Panthers. Na mwaka 1990, Booker wakiwa bado wanasimamia Mumias, tuzo ilikwenda kwa Possession ya A. S. Byatt, riwaya ya washairi wawili wanaopendana kwa siri mwaka 1859, mmoja wao akikusanya viumbe wa pwani huku Darwin akikaribia kuchapisha. Hakuna mstari unaounganisha bua la muwa wa Namamali na hundi ya Byatt, na sitauchora. Ila kampuni ilikuwa moja.

Kule Matungu uhuru ulikuja kwa umbo la mkataba. Mkulima alitia sahihi. Kampuni ililima kwa trekta, ikaleta mbegu na mbolea, na baada ya miezi 18 hadi 24 ikavuna na kubeba. Kila huduma ilikatwa kwenye malipo. Mkataba ulifuata shamba, shamba lilifuata hati, na hati mara nyingi ilikuwa na jina la mume. Palizi, ile kazi ya mgongo kuinama chini ya jua, kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya mke na watoto. Siku ya malipo pesa zilimtafuta mwenye jina.

Ndoa zikivunjika, mke alidai kwa sheria gani? Hapa ndipo Hardy anaporudi. Mwaka 1882, mwaka aliosimama kwenye mazishi ya Darwin, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumruhusu mwanamke aliyeolewa kumiliki mali yake mwenyewe. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba sheria hiyo ya enzi ya Victoria inatumika Kenya. Na ikatumika. Hadi Kenya ilipotunga Sheria ya Mali ya Wanandoa mwaka 2013, mwanamke wa Kakamega aliyekwenda Mahakama Kuu kutafuta sehemu yake alishika mkononi sheria ya wakati wa Sue. Kwa wengine ilikuwa msaada mkubwa, kwani ilimtambua kama mtu mwenye jina pale ambapo tafsiri ngumu za mila hazikumtambua. Lakini ilipima mchango zaidi kwa pesa, na palizi hailipwi mshahara.

Sheria ya 2013 inataja kazi ya nyumbani, ulezi wa watoto na kazi ya shamba kama michango. Kufikia hapo kiwanda cha Mumias kilikuwa kinayumba, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Mwezi wa kwanza 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba usawa katika ndoa haumaanishi mali igawanywe nusu kwa nusu moja kwa moja, na kila mmoja athibitishe alichochangia. Kesi yenyewe ilifunguliwa 2012, kabla ya sheria mpya, kwa hiyo majaji ilibidi warudi kwenye ile ya 1882. Kwa hiyo mama wa Kholera aliyepalilia ekari mbili za miwa kwa miaka ishirini anaruhusiwa kuingia na ushahidi wake. Stakabadhi za kampuni, kama bado zipo, zina jina la mumewe.