Nimekubipu

Mwingereza akisikia "beep" hufikiria sauti: honi ya gari, saa ya mkononi, mashine ya dukani ikisoma bei. Kwetu neno hilohilo ni kupiga simu, kuiacha ilie kidogo, kisha kukata kabla mwenzako hajapokea. Sauti si jambo lenyewe. Jambo ni kukata. Tena simu zetu hazikusema "bip" hata siku moja. Zililia wimbo wa Nokia kama zote.

Sarufi ilikipokea kitenzi bila ubishi: nimekubipu, wanabipiana, acha kunibipu.

Wilaya ya Kilolo ilimegwa kutoka Iringa Vijijini mwaka 2002. Vodacom ilikuwa imeanza kazi nchini mwaka 2000, Celtel mwaka uliofuata. Milimani kwetu, upande wa Dabaga, mtandao ulikuja kwa kurukaruka: upo mgongoni mwa kilima, bondeni haupo. Bibi yangu alikuwa na kisiki chake cha mlingoti juu ya shamba la njegere. Jioni alipanda, akasimama palepale, akaelekeza simu upande wa barabara ya Iringa.

Shangazi alikuwa Dar es Salaam akifanya kazi za ndani, kama wasichana wengi wa kwetu. Walikuwa na mapatano. Bip moja: tuko salama, usipige. Mbili: piga ukipata vocha. Tatu mfululizo: piga sasa hivi.

Mtandao hautozi mpaka simu ipokelewe, ndiyo maana hila hii iliwezekana. Lakini ilibidi uwe na salio dogo. Ukiwa na sifuri kabisa hata kubipu huwezi. Shilingi chache za bibi zilikaa wiki nzima bila kuguswa, kama mbegu. Gharama yote ilimwangukia mwenye mshahara, na mshahara wenyewe ulikuwa wa kazi za ndani.

Hata akipiga, dakika zilikuwa zinahesabiwa, na salamu za Kihehe haziendi mbio. "Kamwene, mwanangu," bibi angeanza, kisha aulize usingizi, kazi, afya ya mwajiri na watoto wa mwajiri, na kabla habari haijafikiwa simu imekatika. Nadhani bip moja ya jioni ilisema mengi kuliko simu hizo.

Usiku mmoja zikaingia tatu. Shangazi hakuruhusiwa kukaa na simu mchana. Aliiona saa nne usiku, jina la mama yake likiwa limejipanga mara tatu kwenye kioo. Salio sifuri. Maduka ya vocha yamefungwa, geti limefungwa. Alijua kuna msiba. Hakujua wa nani. Ameniambia kwamba usiku ule alimlilia kila mtu wa nyumbani kwa zamu, akianza na baba yake, na alipomfikia kaka yake aliyemfuata alijisuta kwa kumwaza kijana mzima. Asubuhi alinunua vocha kabla ya kupika chai. Alikuwa ni huyo kaka.

Hatukuwa peke yetu. Wakenya walisema "kuflash", Wahindi wakawa na "missed call" yao. Mwaka 2007 mtafiti Jonathan Donner alichapisha makala kuhusu kubipu Rwanda, na kanuni alizozikuta pale shangazi angezitambua: mwenye nacho ndiye hupiga, na kijana anayemtongoza binti asithubutu kumbipu. Kampuni nazo zikaja na ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie", yaani bip iliyovaa tai. Vodacom ilipoleta M-Pesa mwaka 2008, bip mbili zikaanza kuwa na maana nyingine nyumbani: tuma chochote.

Siku hizi ni vifurushi na WhatsApp, na wadogo zangu wanabipu mara chache. Kitenzi chenyewe hakijafa, kimehamia kwenye ugomvi. Mtu akikuchokoza kijiweni anaambiwa amebipu, na ukimjibu umempigia. Juzi kwenye kilabu cha ulanzi mzee mmoja alimwambia kijana aliyekuwa akimtania kuhusu mipaka ya shamba: "Wewe endelea kunibipu tu. Mimi salio ninalo."