Injini Kwenye Black Mamba

Mwaka 1946 Japani ilikuwa bado magofu ya vita, mabasi na treni zimejaa watu. Soichiro Honda akapata injini ndogo za jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Miaka miwili baadaye akaanzisha kampuni inayobeba jina lake.

Kwetu baiskeli ilikuwa inalisha watu hata bila injini. Pale Busia, vijana waliwavusha abiria kati ya Kenya na Uganda wakiita "boda, boda!" Pikipiki zikaja kuchukua kazi, jina likabaki.

Sasa mimi niliacha chuo, nikarudi Isinya, nikafunga injini kwenye Black Mamba ya marehemu babu. Ile sproketi inayobanwa kwenye spoki kwa raba na nati haikukaa katikati. Cheni ikaruka barabara ya Namanga, lori likiwa nyuma yangu. Kukamata breki, kumbe zile za vyuma zilizoea mwendo wa miguu tu.

Wewe ukianza, anza na breki, injini ingoje. Babu aliniachia baiskeli nzima. Nataka kuipokeza mwingine ikiwa nzima, nami nikiwa mzima.