Jina la Tatu

"Sisi tulishaitwa Voda Fasta," mwalimu alisema. "Sasa hili nalo likiingia, mtatuitaje?"

Tulikuwa kwenye maktaba ya sekondari moja ya kata wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi nikalazimika kupaza sauti kama mnadi wa mitumba. Mezani kulikuwa na vishikwambi, chupa mbili za chai ya maziwa na sinia la ndizi za kuchemsha. Mimi ndiye niliyekuwa mwezeshaji. Nilikuwa nimetumwa kwa siku mbili kuwaonyesha walimu namna ya kutumia akili mnemba, ile ambayo wengine huiita akili unde, kuandaa masomo na kutunga maswali.

Walimu walicheka, nami nikacheka. Nilidhani ni utani wa kuchangamsha kikao. Ilinichukua miezi kadhaa na safari za Iringa kuelewa kwamba nilikuwa nimeulizwa swali la historia.

Hata vile vishikwambi vilikuwa na historia yake. Vingi katika shule zetu ni vilevile vilivyotumiwa na makarani wa sensa mwezi Agosti 2022. Sensa ilipokwisha, Serikali ikavigawa kwa walimu, zaidi ya 200,000 nchi nzima. Mwishoni mwa mwaka huohuo, tarehe 30 Novemba, ChatGPT ikafunguliwa kwa umma huko Marekani. Basi mwalimu wa Rungwe alipokea kifaa kilichokwisha kuhesabu watu, na kabla hajakizoea akaambiwa kwamba sasa kinaweza pia kuandika andalio la somo.

Siku ya kwanza niliwaonyesha maajabu. Niliandika sentensi moja na kishikwambi kikatoa andalio zima la Jiografia ya Kidato cha Kwanza, kwa Kiingereza kilichonyooka, likiwa na malengo, hatua, zana na tathmini. Ukumbi ulinyamaza. Kazi ya jioni nzima ilikuwa imekwisha kabla chai haijapoa. Siku ya pili tulipiga picha ya pamoja, nikapanda gari, nikaondoka.

Baada ya wiki tano nilipigiwa simu. Yule mwalimu wa Voda Fasta alikuwa ametembelewa darasani na mdhibiti ubora wa shule. Andalio lake la somo la hali ya hewa liliwataka wanafunzi watoke nje wachunguze dalili za majira manne ya mwaka, wakianza na theluji kuyeyuka. Tukuyu ni mahali ambapo mvua hunyesha karibu mwaka mzima na chai hustawi bila kuulizwa. Theluji watoto wale wameiona kwenye kalenda za ukutani. Mdhibiti alimuuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, hii theluji tukaichukue wapi?"

Mwalimu huyo alikuwa na miaka kumi na minane kazini. Alisema hakupata muda wa kulisoma lote, kwa sababu usiku ule alikuwa na madaftari ya mikondo mitatu ya kusahihisha na mtoto mwenye homa. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba kitu hiki kitampunguzia kazi. Sikumwambia kwamba kimetengenezwa mbali, na kwamba mahali kisipolijua Rungwe hujaza nafasi kwa kile kinachojulikana kwa wengi.

Likizo iliyofuata nilikwenda kwa bibi yangu, Mufindi, mkoani Iringa. Nilimsimulia kisa chote nikitaraji anionee huruma. Alisikiliza akiendelea kumenya viazi.

"Na wewe ulirudi lini?" akauliza.

"Kufanya nini, Bibi?"

"Kuangalia kama wameelewa."

Bibi ni mwalimu wa UPE. Nilikua nikilijua hilo kama nilivyojua kwamba anapenda ugimbi, yaani bila kuwaza maana yake. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba kufikia Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania awe darasani. Wakati uamuzi unatoka, shule za msingi zilikuwa na wanafunzi milioni 1.2 hivi. Kufikia 1978 walikaribia milioni 3. Watoto walipatikana, madarasa yakajengwa kwa nguvu za wanavijiji, lakini vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa miaka mitatu hata vingefanya kazi usiku na mchana. Ndipo ikaamuliwa kwamba vijana waliomaliza darasa la saba wafundishe huku wakijifunza kufundisha.

Bibi alikuwa na miaka 17. Asubuhi alisimama mbele ya darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko madawati. Mchana alisoma masomo yaliyokuja kwa posta. Vipindi vya redio kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam alivisikiliza kwa jirani mwenye redio, na mawe ya redio yakiisha nguvu, waliyaanika juani ili yapate uhai wa nusu saa nyingine. Baada ya miaka ya namna hiyo ndipo walipokwenda chuoni kwa wiki chache za mwisho, wakafanya mitihani. Kwa njia hiyo Tanzania ilipata zaidi ya walimu 35,000 katika muda usiofika miaka kumi.

Redio na posta zilikuwa teknolojia ya wakati ule. Zilitoka mbali, zilisema jambo lilelile kwa kila kijiji, na hazikujua kwamba Mufindi kuna baridi inayokaza vidole hadi chaki inaanguka. Lakini Bibi anapoeleza alivyojifunza ualimu, redio haikai sana katika maneno yake. Anamtaja mwalimu wa kata aliyewasimamia, mtu mzima, aliyekuja kwa baiskeli. Alikaa nyuma ya darasa, akaandika. Baadaye alipitia daftari la Bibi la maandalio kwa kalamu nyekundu, akamuuliza kwa nini amefanya hivi na si vile. Juma lililofuata alirudi.

"Redio ilikuwa inasema," Bibi alisema. "Yeye alikuwa anauliza."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Miaka ya themanini matokeo yalipoanza kulalamikiwa, watu waligeuza herufi zile tatu wakasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Ilisemwa vilabuni, ilisemwa kwenye mabasi, ilisemwa hata na wazazi waliofundishwa kusoma na walimu haohao. Uamuzi wa kwenda haraka ulifanywa Musoma, na uhaba wa vitabu ulitokana na uchumi uliokuwa unaporomoka baada ya bei ya mafuta kupanda na vita ya Uganda. Lakini jina la utani halikubandikwa kwa mafuta wala kwa vita. Lilibandikwa kwa msichana wa miaka 17 mwenye chaki.

Hapo nikaelewa swali la Rungwe. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilipofutwa, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 4.8 mwaka ule hadi milioni 7.9 mwaka 2006. Wimbi hilo likasonga hadi sekondari, kila kata ikahimizwa kujenga yake, na walimu wakakosekana tena. Safari hii walichukuliwa vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya muda mfupi na leseni, wakapelekwa darasani. Mtaa ukawaita Voda Fasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu papo hapo. Mwalimu wa Rungwe alikuwa mmoja wao. Baadaye alijiendeleza, akasoma shahada yake Chuo Kikuu Huria huku akifundisha na kulea. Jina halikujiendeleza naye. Lilibaki pale lilipomkuta.

Mara mbili nchi ilikuwa na haraka yenye sababu nzuri, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema watoto wale wangebaki nyumbani wakisubiri. Mara zote mbili mwalimu alipewa kifaa pungufu na muda mfupi, kisha akapewa jina. Mimi nilikuwa nimefika na haraka ya tatu.

Kikao changu kilichofuata kilikuwa Iringa mjini, na walimu wa Historia ya Tanzania na Maadili, somo lililoingia na mtaala mpya. Safari hii sikuanza na maajabu. Niliwaomba waniambie jambo wanalolijua kuliko mtu yeyote wa nje. Iringa jibu ni moja. Tukaiuliza programu: Mkwawa alikufaje?

Ilijibu kwa Kiswahili kizuri, bila kusita, kwamba Mtwa Mkwawa aliuawa na Wajerumani wakati ngome yake ya Kalenga ilipotekwa mwaka 1894.

Ukumbi ulilipuka. Mwalimu mmoja mzee, aliyekuwa hajagusa kishikwambi tangu asubuhi, alisimama. Kalenga ilianguka Oktoba 1894, akasema, hilo ni sawa. Lakini Mkwawa alitoka, akapigana vita vya msituni karibu miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi alijipiga risasi mwenyewe ili asishikwe akiwa hai. Kichwa chake kikakatwa.

"Kaa, nikumalizie," aliniambia, ingawa nilikuwa nimeshakaa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani irudishe fuvu lile ndani ya miezi sita. Halikurudi. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu mengi ya watu wa Afrika Mashariki yamepangwa. Alitafuta lenye vipimo vilivyokaribiana na vya ndugu wa Mkwawa, na miongoni mwa hayo akapata moja lenye tundu la risasi. Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake. Hadi leo wapo wanahistoria wenye shaka.

"Lilikuwa ndilo linalokaribia zaidi," mzee alisema. Akakiangalia kishikwambi. "Na hiki nacho kinachagua linalokaribia zaidi. Tofauti ni kwamba Twining tunaweza kumuuliza alipimaje."

Nimesoma maelezo mengi kuhusu namna programu hizi zinavyofanya kazi, jinsi zinavyobashiri neno linaloelekea kufuata kutokana na maandishi mengi zilizolishwa. Hakuna lililonikaa kama hilo.

Nikagawa kalamu nyekundu. Walimu walinakili jibu la mashine kwenye karatasi, wakalisahihisha kama daftari la mwanafunzi: hapa sawa, hapa umechanganya, hapa chanzo kiko wapi? Mwalimu mmoja alilipa 4 kati ya 10, akaandika pembeni, "Jitahidi, uende Kalenga." Mchana waliigeuza kuwa kazi ya darasani. Wanafunzi wangepewa jibu lile lenye kosa, wakaulize wazee na makumbusho ya Kalenga, kisha walisahihishe. Kwa mara ya kwanza niliona walimu wakikitumia kifaa hiki wakiwa wamekaa upande wao wa meza, upande wa anayeuliza.

Nilirudi Rungwe mwisho wa mwezi uliofuata. Mradi ulionituma ulikuwa umekwisha, kwa hiyo nilipanda basi la kawaida Iringa, nikapita Mafinga na Makambako, nikalala Mbeya mjini, asubuhi nikateremka na Noah hadi shuleni. Nilimwamkia mwalimu, nikamwomba radhi kwa ile theluji.

"Marahaba. Yalishapita, mwanangu," alisema, ingawa nilijua hayajapita yote.

Akanionyesha andalio la somo la siku ile. Lilikuwa limetoka kwenye kishikwambi, na wino mwekundu ulikuwa umejaa kila mahali. Mfano wa mtoto anayenunua mkate kwa dola ulikuwa umekatwa, pembeni pameandikwa ndizi, mkungu, soko la Kiwira. Majira manne yalikuwa yamekatwa kwa mstari uliopitishwa mara tatu. Alikuwa ameanza kukutana na wenzake wawili kila Ijumaa, kwenye jumuiya yao ya ujifunzaji, wakisahihishana kabla ya kuingia darasani.

Niliketi nyuma ya darasa, nikaandika. Kipindi kilipokwisha nilimuuliza kwa nini alianza na zoezi badala ya swali. Tulibishana hadi kengele ya chakula. Aliponisindikiza barabarani, mvua ilikuwa imeanza tena.

"Unarudi lini?" aliuliza.

Nikamwambia Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nauli nilikuwa sina, lakini nilikuwa nimeshasema.