Kazi ya urubani wa mbugani nchini Botswana
Mji wa Maun, kaskazini mwa Botswana, ndio lango la Delta ya Okavango na kituo mashuhuri cha marubani wa kigeni wanaosaka ajira. Ndege ndogo, zikiwemo Cessna 206 na Cessna Caravan, hubeba watalii na vyakula hadi kambi zilizozingirwa na maji, zikitua kwenye viwanja vya changarawe ambako ndovu huvuka. Mgeni huhitaji leseni ya urubani wa kibiashara inayotambuliwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Botswana, pamoja na kibali cha kazi, ambacho hutegemea kupata mwajiri kwanza. Wenyeji hupewa kipaumbele. Hivyo, anayefunga safari bila akiba ya kumkimu kwa miezi kadhaa huenda akarejea kwao kabla hajarusha ndege.