Masega Tuliyoyatupa

Vijana wanaonunua vyuma chakavu wanapita gereji kwa gereji na swali moja: "Mzee, masega yapo?" Betri na rejeta wanazichukua ukiwapa, lakini hawakuzifuata hizo. Wanachokitafuta ni lile kasha la chuma lililo kwenye bomba la moshi kati ya injini na sailensa, ambalo ndani yake mna kigae chenye vitundu vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Nikiwaambia kwamba kuna miaka ambayo sisi mafundi wa ekzosi wa Gerezani, Dar es Salaam, tulikuwa tunatoboa masega hayo kwa mtaimbo na kuyamwaga jalalani, wanacheka. Mmoja aliniambia usoni: "Mzee, mlikuwa hamjui kitu."

Tulijua. Ila ili mtu aelewe tulijua nini, inabidi nianze nyuma kidogo, kabla gari la kwanza lenye masega halijashuka bandarini.

Kazi ya ekzosi Dar es Salaam niliikuta ikibadilisha mikono. Zamani gereji kubwa zilikuwa za Wahindi, na kwenye chuma hasa walitamba Kalasinga. Mwafrika alikuwa wa kushika taa, kuosha vipuri na kubana jeki. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na zaidi baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo, wengi wao walifunga virago. Waliokuwa wasaidizi wao walibaki na ujuzi mkononi, na wachache walibaki na mitungi ya gesi. Mzee aliyenifundisha alikuwa mmojawapo. Alijifunza kwa Kalasinga wa Pugu Road, ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere, na hadi anastaafu alikuwa anahesabu vipimo kwa Kihindi kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Ekzosi mpya haikuwepo. Uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa serikali, fedha za kigeni zilikuwa haba, na baada ya vita vya Kagera zikawa hadithi. Peugeot 404, Landrova, Datsun, Bedford, zote zilioza chini, na mwenye nazo hakuwa na pa kwenda ila kwetu. Kwa hiyo neno "kubadilisha ekzosi" halikuwa na maana ya kutoa ya zamani na kufunga iliyotoka dukani. Lilikuwa na maana ya kutengeneza.

Sailensa tuliitoa kwenye pipa la mafuta la lita 200. Unakata bati, unalikunja juu ya bomba nene mpaka liwe duara la yai, unachomelea mshono. Ndani unapanga mabomba mawili yaliyotobolewa matundu, moja linaingiza moshi na jingine linatoa, na katikati unaweka ukuta. Siri yote iko hapo: moshi hauruhusiwi kupita moja kwa moja. Unaingia chumba cha kwanza, unatawanyika kupitia matundu, mawimbi ya sauti yanagongana na kuuana, halafu ndipo unatoka. Wamarekani wawili wa ukoo wa Reeves, huko Indiana, walipata hataza ya kifaa cha namna hiyo mwaka 1897. Mzee wangu hakuwahi kuwasikia. Yeye alikuwa anapuliza kwa mdomo upande mmoja na kusikiliza upande wa pili, kisha anasema, "Hii itakohoa," au, "Hii itanyamaza."

Kona ndiyo ilikuwa mtihani. Bomba lililopita juu ya ekseli ya nyuma lina mipindo mitatu minne, na mashine ya kukunja hatukuwa nayo. Tulijaza bomba mchanga mkavu, tukashindilia, tukaziba ncha zote mbili, tukalipasha moto mpaka liwe jekundu, ndipo tukalikunja taratibu. Mchanga unazuia bomba lisibonyee. Ukiwa na unyevu, mvuke unaweza kufyatua kizibo kikampiga mtu kifuani, kwa hiyo mchanga tuliukaanga kwanza kwenye karai. Bomba la maji lililopakwa zinki lilipatikana kwa urahisi kuliko bomba jeusi, nasi tulilitumia, na jioni tulilipa: moshi mweupe wa zinki unaleta homa, baridi na ladha ya shilingi mdomoni. Dawa yetu ilikuwa maziwa. Sijui kama yalisaidia zaidi ya kutufariji, lakini hakuna mchomeleaji wa zama zile ambaye hakuyanywa.

Raba za kuning'inizia tulikata kwenye tairi kuukuu. Hizo, nasema bila aibu, zilikuwa nzuri kuliko nyingi zinazouzwa leo.

Sasa niseme juu ya rangi, kwa sababu ndiyo inayoleta hoja yangu. Fundi wa zamani alikuwa anasoma injini kwa kutia kidole kwenye mdomo wa ekzosi. Gari la petroli lililo sawasawa lilitoa vumbi la kijivu, kama jivu la mkaa uliokwisha. Likiwa jeusi, kabureta inamwaga mafuta. Tulikwangua vumbi lile kwa patasi, tukalipuliza kwa mdomo, likatuingia puani, kisha tukaenda kula ugali kwa mkono uleule uliofutwa kwenye kitambaa. Vumbi lile lilikuwa risasi. Namaanisha madini ya risasi, yaliyotiwa kwenye petroli tangu Mmarekani Thomas Midgley, akifanya kazi maabara ya General Motors mwaka 1921, alipogundua kwamba yanazuia injini kugonga. Ili risasi isigande ndani ya injini walichanganya pia kemikali za bromini na klorini, ziichukue na kuitoa kwa moshi. Nazo zikikutana na maji zinakuwa asidi.

Na maji hayakosekani. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa takriban lita moja ya maji, kwa mvuke. Gari la safari ndefu linayakausha. Gari la kutoka Upanga kwenda Posta na kurudi halipati moto wa kutosha, maji yanabaki yametuama ndani ya sailensa pamoja na asidi, na bati linaliwa kutoka ndani kwenda nje. Mwenye gari anaona kitundu kidogo kama kichwa cha sindano. Ukikigusa kwa bisibisi, bisibisi inazama hadi mpini. Ndiyo maana hatukukosa kazi. Petroli yenyewe ilikuwa inatuletea wateja.

Mambo yakabadilika kuanzia mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezipata wapi. Chini ya Rais Mwinyi mlango ukafunguka zaidi. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka, mengine kwa njia ya Dubai: Corolla, Sunny, Mark II. Tulipojilaza chini yake mara ya kwanza tulikuta kitu tusichokijua, kasha limefunikwa bati la kuzuia joto, zito kupita kiasi.

Kasha hilo lina historia yake mbali na sisi. Mfaransa Eugène Houdry, aliyehamia Marekani, alihangaika nalo miaka ya 1950 baada ya kuona hewa ya Los Angeles inavyochafuka. Alifariki mwaka 1962 bila kuliona likienea, kwa sababu petroli ya risasi ilikuwa inaliua. Ndani ya masega mmepakwa utando wa platinamu, paladiamu na rodiamu, na kazi yake ni kugeuza moshi wa sumu uwe gesi zisizodhuru sana. Risasi inaufunika utando huo, na ukishafunikwa haufanyi kitu. Marekani ilipopitisha sheria yake ya hewa safi mwaka 1970, na magari ya mwaka 1975 yakaanza kutoka na masega, ilibidi petroli nayo ibadilishwe. Japani ilifanya hivyohivyo miaka hiyohiyo. Magari yale, kwa hiyo, yalitengenezwa kwa ajili ya petroli isiyo na risasi tu.

Nasi tulikuwa na petroli ipi? Ileile ya Midgley.

Onyo lilikuwepo. Kwenye kifuniko cha tangi palibandikwa karatasi, na kwenye dashibodi palikuwa na taa ya kuonya kwamba joto la ekzosi limezidi. Yote kwa Kijapani. Niliwahi kumsikia dereva akimweleza mwenzake kwamba taa ile ni ya mkanda wa abiria.

Gari likitembea miezi kadhaa Dar, mwenyewe anarudi analalamika: "Fundi, gari halivuti." Mlima wa Kimara linapanda kwa gia ya kwanza. Tunabadilisha plagi, tunasafisha kabureta, wapi. Siku tulipolegeza nati za bomba mbele ya kasha na kuacha moshi utoke hapohapo, gari liliunguruma kama simba na likavuta. Basi tukajua kizibo kiko wapi. Kwa mengine ilikuwa risasi. Kwa mengine plagi mbovu zilipitisha petroli isiyoungua, ikaungulia ndani ya masega na kuyayeyusha yakawa donge. Vyovyote vile, tiba ilikuwa moja. Unafungua kasha, unapiga mtaimbo, unakung'uta, unarudisha kasha tupu. Au unalikata lote na kuchomelea bomba mahali pake. Masega mapya yangegharimu kiasi cha kununua injini kuukuu, na hata angeyaweza mtu, petroli ya kituo cha jirani ingeyaua tena.

Hapo ndipo ninapomjibu yule kijana. Fundi aliyeyaacha masega ndani wakati ule alimrudishia mteja gari lililokabwa koo, na hewa ya mji haikupata nafuu yoyote. Lawama ikitafutiwa mwenyewe, itafutwe kwa waliojua sumu ya risasi miongo kadhaa na bado wakaiuza Afrika baada ya kuiondoa kwao.

Mwezi Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar wakakubaliana kuiondoa. Ilipoingia Januari 2006 kazi ilikuwa imekwisha, Tanzania ikiwamo. Miaka kumi na tano baadaye, tarehe 30 Agosti 2021, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi lilitangaza kwamba petroli ya magari yenye risasi imekwisha duniani kote. Algeria ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Sisi mabadiliko tuliyaona kwa kidole. Vumbi la kijivu likatoweka, midomo ya ekzosi ikawa na masizi meusi hata kwa gari zima, na mafundi wazee wakawa wanalaumu kabureta zisizo na kosa. Halafu wateja wakapungua. Asidi ile ya bromini haikuwepo tena, na Wajapani nao walikuwa wameshaanza kutumia chuma kisichoshika kutu upesi. Ekzosi iliyokuwa ikirudi kila baada ya masika sasa inakaa miaka. Na chuma chenyewe hakitaki ubabaishaji: ukikichomelea kwa fito za kawaida, mshono unashika kutu na kupasuka huku bomba linang'aa. Wengi wetu tulihamia madirisha na mageti.

Petroli sasa inayaruhusu masega kuishi, na ndipo yalipoanza kuibwa. Kasha moja lina gramu chache tu za madini yale, lakini mwanzoni mwa 2021 rodiamu ilikaribia dola 30,000 kwa aunsi, ambayo ni gramu 31 hivi. Wanunuzi wanatembea na orodha za bei kwenye simu, wanasoma namba iliyogongwa kwenye kasha na kutaja kiasi papo hapo. Mwenye gari dogo analiacha gereji kwa ajili ya breki, analichukua jioni, anaona taa ya injini inawaka na sauti imebadilika kidogo. Akiinama chini anaona bomba jipya limechomelewa vizuri sana. Wengine hawainami.

Siku hizi kuna fundi kijana anayekwambia masega "yanakula mafuta" na kukushauri uyatoe bure, bila malipo ya ufundi. Anarudia maneno yetu ya mwaka 1990 neno kwa neno. Sisi tulikuwa tunayatupa; yeye ana mteja anamngoja nje na mzani.

Anayeniletea Prius, gari ambalo masega yake yanasakwa kuliko mengi, namwambia apige picha ya chini ya gari kabla ya kuniachia funguo. Baadhi yao wanaona haya kufanya hivyo mbele ya mzee. Nawaambia wapige tu, na namba ya kasha ionekane.