Kirusi kilichobisha hodi

Agosti 2005, Helsinki. Mashindano ya dunia ya riadha yamepamba moto, watu wamebanana viti kwa viti, na katikati ya shangwe baadhi ya simu zinaanza kuuliza. Skrini ya Nokia inawaka: kuna ujumbe kwa njia ya Bluetooth, uupokee? Mwenye simu anabonyeza Hapana. Swali linarudi. Anabonyeza Hapana tena, nalo linarudi tena, kwa sababu simu inayolituma iko mita chache tu, pengine mfukoni mwa jirani asiye na habari. Dawa ilikuwa kuinuka na kuondoka hapo, au kuzima Bluetooth. Lakini nani ainuke na mbio ziko mita mia za mwisho? Wengine walichoka, wakabonyeza Ndiyo.

Mgeni huyo aliitwa Cabir. Alikuwa ameonekana mara ya kwanza Juni 2004, kazi ya kundi la watunzi wa virusi lililojiita 29A, ambao walitaka tu kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Hakuiba kitu. Aliandika neno “Caribe” kwenye skrini, kisha akaanza kutafuta simu nyingine ya kuhamia, na utafutaji huo usiokoma ndio uliomaliza betri. Alizikamata simu za mfumo wa Symbian, ambazo kwa wakati huo ndizo zilikuwa simu za wenye nazo. Huku kwetu wengi walikuwa na Nokia 1100, ile ya tochi, isiyo na Bluetooth wala pa kusakinisha chochote. Kirusi kingeingilia wapi?

Kampuni ya F-Secure, wenyeji wa Helsinki hiyohiyo, ilikuwa imejenga chumba kilichovikwa shaba na alumini ili virusi vya simu vipimwe humo bila mawimbi kupenya hadi kwenye simu za wapita njia. Na sababu ilikuwepo. Novemba 2004 kilitokea Skulls, kilichogeuza alama za programu kuwa mafuvu. Mwaka uliofuata kikaja Commwarrior, ambacho hakikungoja jirani wa kukaa naye karibu, kilijituma kwa MMS kwa watu waliomo kwenye kitabu cha namba. Hapo ndipo biashara ya antivirusi za simu ilipoota mizizi, na kwa simu za enzi ile siwezi kuwalaumu walionunua. Programu ikishasakinishwa kwenye Symbian, ilitembea humo karibu kama mwenye nyumba.

iPhone na Android zilijengwa kwa ramani nyingine. Kila programu hupewa chumba chake chenye kufuli, na ikitaka kamera au namba za watu sharti ipewe ruhusa. Jambo ambalo wauzaji wa antivirusi hawalisemi kwa sauti ni kwamba mlinzi naye ni mpangaji. Amefungiwa chumbani kama wenzake. Kwenye Android anaweza kujua nani kahamia na kukagua faili la usakinishaji lililomleta, na si mengi zaidi. Kwenye iPhone hata hilo hawezi, na mwaka 2015 Apple iliziondoa dukani kwake programu zilizojiita antivirusi.

Wezi hawakukata tamaa. Mwaka 2010 huko Urusi ilizuka programu ya Android iliyojifanya ya kuchezea video, kumbe inatuma SMS kwa namba za malipo makubwa. Machi 2011 DroidDream ilikutwa ndani ya programu zaidi ya 50 katika duka rasmi la Google lenyewe, na hiyo ilijua kuvunja kufuli za vyumba. Google ikazifuta kwenye simu za watu kutoka mbali, ikaanza kukagua bidhaa dukani, na mwaka 2017 ikatangaza Play Protect, mkaguzi anayekuja na simu nyingi za Android bila malipo.

Hofu, hata hivyo, ilikwisha kuwa bidhaa. Aprili 2014 programu iitwayo Virus Shield ilipanda hadi kileleni mwa programu mpya za kulipia kwenye duka la Google. Dola 3.99, na imepakuliwa zaidi ya mara 10,000. Waandishi wa Android Police walipoifungua ndani walikuta kazi yake ni moja: ukigusa ngao, alama ya X inageuka kuwa ya vema. Hakuna kingine! Google ikawarudishia watu fedha zao. Miaka mitano baadaye maabara ya AV-Comparatives huko Austria ilipima antivirusi 250 za Android. Ni 80 tu zilizonasa zaidi ya asilimia 30 ya programu hasidi bila kusingizia zisizo na hatia. Baadhi zilikuwa na orodha ya majina ya “watu wema” tu, kila asiyekuwemo ni mwizi, na waliozitunga wakasahau kujiandika wenyewe. Zikajikamata.

Wapo wanaowindwa kwelikweli. Agosti 2016 Ahmed Mansoor, mtetezi wa haki za binadamu wa Falme za Kiarabu, alipata SMS yenye kiungo kwenye iPhone yake. Hakukigusa, aliwapelekea watafiti wa Citizen Lab mjini Toronto, wakakuta nyuma yake programu ya ujasusi iitwayo Pegasus. Apple iliziba matundu ambayo Pegasus ingepitia kwa sasisho la mfumo, lile ambalo wengi wetu huliahirisha wiki hadi wiki kwa kuogopa kumaliza bando.

Mwezi uliopita shangazi yangu alinipa simu yake, inachemka kama pasi. Nilikuta walinzi watatu: mmoja wa “kusafisha”, mmoja wa “kupoza”, mmoja wa “kuua virusi”, wote wanapigania kumwonyesha matangazo. Wote waliingia baada ya yeye kuambiwa na tangazo kwamba simu ina virusi vinne, akabonyeza Ndiyo. Nikawafuta, nikasasisha mfumo, nikamrudishia. Kabla sijamaliza chai, simu ikalia. SMS kutoka namba asiyoijua: ile hela tuma kwenye namba hii.

Shangazi akavua miwani, akanitazama. “Baba, hela ipi?”